Noeli Bila Deni: Pambeni Nyumba kwa Mikono Yenu



Kila mwaka, majuma machache kabla ya Noeli, kuna mgeni anayeingia katika nyumba nyingi za Wakristu bila kubisha hodi. Mgeni huyo ni ugomvi wa pesa. Mke anataka mapazia mapya kwa sababu jirani amebadilisha yake. Mume anataka kuchinja mbuzi ili ndugu zake wajue kwamba mambo yake mjini si mabaya. Watoto wanataka nguo na viatu. Hakuna hata mmoja anayetaka kitu kibaya. Lakini kila mmoja amepanga peke yake moyoni, na Desemba ikifika mipango yote hukutana katika mfuko mmoja usiotosha.

Katika somo hili tutatazama namna ya kupamba nyumba na kuweka desturi za Noeli kwa pesa kidogo. Tutazungumza juu ya chokaa, vitambaa na hori la Mtoto Yesu. Lakini jambo kubwa tunalotaka mlishike ni hili: mume na mke wakikubaliana mapema na kufanya kazi pamoja, sikukuu inakuwa na furaha hata kama mfuko ni mwepesi. Wasipokubaliana, hata mbuzi watatu hawataleta amani.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Mume anafanya kazi mjini, mke anakaa nyumbani na watoto wanne. Mke ameanza kazi tangu mwanzo wa Desemba. Amechota udongo, amesiriba kuta, amefua kila kitu kinachofulika. Usiku wa tarehe 24 mume anafika, na nyuma yake kuna pikapu iliyobeba makochi. Majirani wanatoka kutazama. Watoto wanaruka kwa furaha. Mke anasimama mlangoni kimya.

"Mama watoto, mbona hufurahi?" mume anauliza.

"Yamelipiwa?"

"Nimetoa nusu. Hiyo nyingine nimekopa kwa simu, nitalipa pole pole."

"Na karo ya Januari, Baba watoto?"

Hapo hakuna jibu. Usiku huo wanakwenda Misa ya Mkesha bila kusemezana. Januari ikifika, mtoto wa kwanza anabaki nyumbani huku wenzake wakirudi shule, na jioni anaketi juu ya makochi yale yale mapya.

Je, mume huyu ni mtu mbaya? Hapana. Alitaka kuwafurahisha watu wake. Je, mke wake hana shukrani? Hapana. Yeye ndiye atakayeulizwa na mtoto kila asubuhi, "Mama, nitarudi shule lini?" Kosa lao ni moja: kila mmoja aliandaa Noeli yake. Mmoja aliiandaa kwa jasho lake peke yake, na mwingine aliiandaa kwa deni ambalo wote wawili watalilipa.

KETINI KWANZA MHESABU

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana wetu anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu mwenye akili huketi kwanza akahesabu gharama, aone kama anazo fedha za kumaliza. Yesu alikuwa akisema juu ya kumfuata, lakini alichukua mfano wa pesa kwa sababu kila msikilizaji aliuelewa. Wahenga wetu nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi chagueni jioni moja, watoto wakiwa wamelala. Zimeni redio. Chukueni daftari na kalamu. Kama mmoja yuko mbali, fanyeni hivyo siku atakapokuja nyumbani, au zungumzeni kwa simu, lakini kila mmoja awe na karatasi yake mbele yake. Fuateni hatua hizi:

1. Andikeni mahitaji ya Januari kwanza. Karo, vitabu, sare, kodi ya nyumba. Pesa hizo ziwekeni mbali, katika bahasha au akaunti isiyoguswa. Watu husema Januari ina siku nyingi kuliko miezi yote. Kalenda haijabadilika; ni pesa tu zilizokwisha kabla mwezi haujaanza.

2. Hesabuni kinachobaki. Hicho ndicho cha Noeli, na msiongeze mkopo juu yake.

3. Gawanyeni kwa majina. Tuseme mmeweka shilingi 300 kila juma kwa majuma 40. Mtakuwa na shilingi 12,000. Mnaweza kugawanya hivi: nauli 3,500, chakula 3,500, nguo za watoto 2,500, zawadi kwa wazazi wa pande zote mbili 1,200, chokaa na mapambo 700, sadaka na jirani mhitaji 600. Kwenu hesabu inaweza kuwa nusu ya hiyo au mara mbili. Muhimu ni kwamba kila shilingi ina kazi, na wote wawili wanaijua kazi hiyo.

4. Kubalianeni kwamba hakuna atakayenunua kitu nje ya orodha bila kumwambia mwenzake. Mshangao ni mtamu ukiwa wa kilo moja ya sukari. Mshangao wa makochi ya mkopo ni mzigo.

Katika hatua ya tatu, angalieni sana neno "pande zote mbili". Katika nyumba nyingi mama mzazi wa mume hupelekewa leso na sukari kila mwaka, na mama mzazi wa mke hupelekewa salamu. Mke hunyamaza, lakini anahesabu. Mume mwenye busara atakuwa wa kwanza kusema, "Na kule kwenu tutapeleka nini?" Neno hilo halina gharama kubwa, na huponya mambo mengi.

KUTA NA VITAMBAA

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Nyumba safi tayari imepambwa nusu. Kabla ya kununua chochote, toeni kila kitu nje, pigeni buibui, safisheni madirisha, tengenezeni kiti kinachoyumba. Kazi hii ni ya familia nzima. Mwanamume anayeshika ufagio hapunguzi heshima yake, na watoto wa kiume wanaomwona watakuwa waume wema kesho.

Nyumba ya udongo. Huko magharibi mwa Kenya, akina mama wengi husiriba nyumba upya kabla ya Noeli kwa udongo laini, samadi ya ng'ombe na majivu. Wengine huweka mstari mweusi au mwekundu chini ya ukuta na kuchora maua kwa udongo wa rangi mbalimbali. Hayo ni mapambo kamili, wala msiyaonee haya. Baba na vijana wachote maji na udongo. Hiyo ndiyo sehemu nzito ya kazi.

Nyumba ya mawe au saruji. Chokaa ya unga ni rahisi kuliko rangi ya dukani. Koroga chokaa katika maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ongeza chumvi kidogo isaidie kushika, kisha chuja kwa kitambaa. Lowesha ukuta kwa maji kwanza, halafu paka tabaka nyembamba kwa burashi pana. Ikiwa mbichi itaonekana kama maji tu. Msiogope, itakuwa nyeupe ikikauka. Paka tena siku inayofuata, mara mbili au tatu. Tabaka moja nene hubanduka. Pia chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Na angalizo: chokaa huchoma ngozi na macho. Fungeni mikono, watoto wadogo wakae mbali, na ikiingia jichoni oshani mara moja kwa maji mengi safi, kisha mwende hospitali.

Nyumba ya kukodi. Ulizeni mwenye nyumba kabla ya kupaka chochote au kupigilia misumari. Akikataa, fungeni uzi kutoka dirisha moja hadi lingine na kuning'iniza mapambo hapo. Januari mtaukunja bila kuacha alama.

Vitambaa. Mama, vile vitambaa ulivyofuma kwa mkono na ambavyo vimelegea vinaweza kurudi upya. Chemsha vijiko viwili vya unga wa ngano au wa muhogo katika lita moja ya maji, ukikoroga ili usifanye madonge. Acha upoe, chovya vitambaa vilivyo safi, kamua kidogo na uvitandaze vikauke kisha upige pasi. Vitasimama imara. Leso nzuri iliyokaa sandukuni inafaa kuwa kitambaa cha meza. Shuka la mitumba lisilo na doa, likikatwa na kushonwa upindo, linakuwa pazia.

Minyororo ya karatasi. Hii ni kazi ya watoto. Wakate kurasa za magazeti, kalenda za zamani na madaftari yaliyokwisha ziwe vipande virefu, wavikunje kuwa pete zilizoshikana. Gundi ni ya nyumbani: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji, ichemke mpaka iwe nzito. Mti nao uwe tawi la saiprasi lililokatwa kwa ruhusa ya mwenye shamba na kusimamishwa katika debe la mchanga wenye maji. Msikate mti mzima kwa ajili ya majuma mawili.

HORI LA MTOTO YESU

Kati ya mapambo yote, hori ndilo letu hasa. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliwaonyesha watu jinsi Mtoto Yesu alivyozaliwa. Hakutumia sanamu za bei. Alitaka nyasi, hori, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho umaskini wa Betlehemu. Karibu miaka 800 baadaye, tarehe 1 Desemba 2019, Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda huko huko Greccio akatia sahihi barua juu ya maana ya hori la Noeli, akizitia moyo familia ziendelee na desturi hiyo.

Wapendwa, fikirini. Nyasi, ng'ombe, punda, zizi: mtoto wa Nyandarua au wa Kitui anayajua hayo kuliko mtoto wa miji mikubwa ya Ulaya. Hatuhitaji kununua Betlehemu dukani.

Chukueni sanduku la karatasi ngumu, mlilaze upande. Ezekeni kwa nyasi kavu. Watu watengenezwe kwa maganda makavu ya migomba au ya mahindi yaliyofungwa kwa uzi. Mkipenda kutumia udongo wa mfinyanzi, vianikeni vinyago kivulini kwa siku kadhaa, juani vitapasuka. Kila mtoto apewe mmoja wa kutengeneza. Mdogo atengeneze kondoo, na kondoo huyo akiwa na miguu mitano, aachwe hivyo hivyo. Miaka ishirini baadaye mtamcheka pamoja.

Desturi moja nzuri ni hii: hori liwekwe wazi tangu mwanzo wa Majilio, bila nyasi na bila Mtoto. Kila anayetenda tendo jema kwa siri anatia unyasi mmoja ndani. Baba na mama nao watie. Usiku wa Mkesha, mtoto mdogo kuliko wote anamlaza Yesu juu ya nyasi zile. Watoto watajua kwamba kitanda cha Yesu wamekitandika wao.

TAJI LA MAJILIO

Majilio yana Dominika nne. Chukueni sinia au karai dogo, tieni mchanga, simamisheni mishumaa minne, zungusheni majani mabichi. Rangi zinazotumika ni zambarau kwa mishumaa mitatu na waridi kwa ule wa Dominika ya tatu, ambayo ni ya furaha. Mkikosa mishumaa ya rangi, mishumaa ya kawaida inatosha; zungushieni chini utepe wa kitambaa cha rangi hizo. Dominika ya kwanza muwashe mmoja, ya pili miwili, mpaka yote minne. Mwashapo, someni Injili ya siku hiyo na kusali fungu moja la rozari.

Mishumaa iwe mbali na mapazia na minyororo ya karatasi, na izimwe sala ikiisha. Msiwaache watoto peke yao na moto hata kwa dakika moja.

DESTURI ZISIZOMALIZA MFUKO

Wengi wetu tunaishi kana kwamba Noeli ni tarehe 25 tu. Ndiyo maana tunataka kumaliza kila kitu siku moja: nyama yote, soda zote, pesa zote. Lakini kwa Kanisa, Noeli ni kipindi kinachoendelea mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari. Mkikifuata, furaha itagawanyika vizuri, na mfuko nao utapumua.

Tarehe 25: Misa, kisha chakula cha pamoja. Kuku mmoja na chapati zilizosukumwa na familia nzima zinatosha. Baba akande unga, mama asukume, watoto wageuze. Jirani mjane au mzee asiye na mtu aalikwe mezani, badala ya kupelekewa mabaki jioni.

Tarehe 28: sikukuu ya Watoto Mashahidi. Wazazi wawabariki watoto wao kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, mmoja mmoja, kwa jina.

Sikukuu ya Familia Takatifu: huwa Dominika iliyo katika siku nane za Noeli, au tarehe 30 Desemba kama hakuna Dominika katikati. Hii ni siku yenu, wanandoa. Toeni picha ya harusi. Waelezeni watoto mlivyokutana. Shikaneni mikono mbele ya hori na kuahidiana tena mapendo. Haigharimu hata senti.

Mwisho wa mwaka: babu au nyanya asimulie Noeli za utoto wake. Watoto waandike katika daftari, kwa maana mzee akiondoka, ameondoka na hadithi zake.

Tokeo la Bwana: chukueni kipande cha chaki kilichobarikiwa na padre. Juu ya mlango andikeni tarakimu mbili za kwanza za mwaka, kisha herufi C, M na B, kisha tarakimu mbili za mwisho, mkitenganisha kwa misalaba midogo. Herufi hizo ni mwanzo wa maneno ya Kilatini yanayomwomba Kristu aibariki nyumba hii. Nyumba ya mabati hubarikiwa sawasawa na ya ghorofa.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya familia, alihimiza familia ziadhimishe nyumbani vipindi na sikukuu za mwaka wa liturujia, kwa namna inayowafaa. Msijaribu desturi zote mwaka mmoja. Chagueni mbili, mzishike. Desturi hukua kwa kurudiwa, kama njia ya miguu inavyotokea kwa kukanyagwa kila siku.

WAAMBIENI WATOTO UKWELI

Wazazi wengine hukopa kwa sababu wanaogopa macho ya watoto. Wapendwa, mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa akiambiwa kwa upole: "Mwaka huu tutanunua viatu, nguo tutanunua mwaka ujao. Pesa nyingine ni za shule yako." Wazazi waseme hivyo wote wawili, kwa sauti moja. Mama akikataa halafu baba akampa mtoto kwa mlango wa nyuma, mtoto atajifunza kuwagombanisha. Na wakishiriki kupamba, watoto hawatasema tena "nyumba ya baba na mama". Watasema "nyumba yetu".

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni maswali haya wawili wawili nyumbani, au katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Noeli iliyopita ilituachia nini: amani au deni? Tulikubaliana wapi, na wapi kila mmoja alikwenda njia yake?

2. Ni desturi gani ya Noeli niliyoipenda utotoni kwetu? Mwenzangu aliipenda ipi? Tunaweza kuziunganisha vipi?

3. Je, wazazi wa pande zote mbili wanakumbukwa kwetu kwa usawa?

4. Ni kazi gani ya nyumbani ambayo mmoja wetu huifanya peke yake kila Desemba, na mwenzake anaweza kuishika?

TENDO LA JUMA HILI: Nunueni daftari moja dogo. Katika ukurasa wa kwanza andikeni majina yenu wawili na tarehe. Katika ukurasa wa pili andikeni mahitaji ya Januari, kisha msali pamoja Baba Yetu kabla ya kulala.

Yosefu na Maria hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Walipata hori, nao wakalitayarisha wawili. Mwana wa Mungu akalala humo, na wachungaji walipofika walimkuta. Naye na awakute ninyi mmetayarisha nyumba yenu pamoja, awabariki, na awajalie Noeli yenye amani.